Nati ya Gurudumu la Nyuma

Jumatano, 6 Machi 1957

Nimetoka kanisani na majivu kwenye paji la uso, nikamkuta Tarsis amelala chali chini ya gari. Tangu Desemba hajaligusa. Lilikuwa pale pale ubavuni mwa nyumba walipoliburura vijana kutoka Mnazi Mmoja, kuku wa Bi Mwanamkuu, mwenye nyumba wetu, wanataga chini yake. Leo ameliinua kwa jeki, amelitoa tairi la nyuma la kushoto, na sasa amebaki kuitazama nati moja kubwa iliyo katikati ya habu, kitovu cha gurudumu. Imeliwa na kutu mpaka imekuwa rangi ya udongo wa kwetu Kibosho.

Nikamwuliza anafanya nini.

“Nafungua.”

“Unafungua ili iweje?”

“Nataka kuona ndani.”

Sikuuliza tena. Najua anachotaka kuona ndani.

Nitaandika hapa, maana sina mtu wa kumwambia. Mtoto wetu Hyasinta alikufa kabla ya Noeli. Alikuwa na miaka sita, na alikuwa mmoja tu. Asubuhi alikuwa na homa ya kawaida, mchana ikampanda kichwani akaanza degedege. Mimi nilikuwa dukani kwetu sokoni, napima maharage. Tarsis ndiye aliyekuwa nyumbani. Alimlaza kwenye gari akaenda naye hospitali. Walipofika Mnazi Mmoja gurudumu la nyuma likajikaza ghafla, gari likagoma katikati ya barabara, na mvua inanyesha. Akambeba, akaenda naye kwa miguu. Habari iliponifikia nikakimbia, lakini nilipofika alikwisha kufunikwa shuka. Daktari alisema, “Mngefika mapema kidogo.” Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Breki za gurudumu lile alizitengeneza Mrisho, fundi, jirani yetu wa nyumba ya pili, mwezi mmoja kabla. Siku ya maziko Tarsis alisema mbele ya watu wote, “Mrisho ameniulia mtoto.” Mrisho alikuwa hapo hapo. Alikuwa ametoka kusaidia kubeba jeneza. Hakujibu neno.

Alhamisi, 7 Machi

Spana imeteleza mchana kutwa. Nati haikujongea.

Jumamosi, 9 Machi

Ameinywesha mafuta ya taa kwa kitambaa, akaiacha ilale nayo. Chumba chote kinanuka mafuta ya taa, kwa sababu mikono yake inanuka, na mto wake unanuka. Anakula bila kusema. Ananiita “wewe”. Zamani aliniita Mama Hyasinta, kama watu wote.

Jumanne, 12 Machi

Leo nimepishana na Kuruthumu bombani. Ni mke wa Mrisho. Nilimwambia, “Habari za asubuhi,” akaniambia, “Nzuri,” nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka.

Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika mji huu nikiwa bibi harusi, sijui hata kukuna nazi. Nilikaa juu ya mbuzi yake nikajikata vidole, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha. Hajajaliwa mtoto. Hyasinta alikuwa akishinda kwake, anasukwa nywele, analala mchana kitandani kwake, akirudi nyumbani anazungumza kama mtoto wa Kizaramo, baba yake anashangaa. Nilipojifungua, Kuruthumu aliniogesha maji ya moto kwa mikono yake, arobaini nzima. Na leo tumesemezana kama watu waliokutana kituo cha treni.

Jumapili, 17 Machi

Mvua imeanza kwa kishindo. Mtaa wote ni tope. Baada ya misa Tarsis amefunika gari kwa turubai akajiingiza chini yake. Unaona miguu tu, na unasikia nyundo.

Jumatano, 20 Machi

Ameumia. Alichomeka bomba refu la chuma kwenye mkono wa spana, ili apate nguvu, akaning'inia kwa uzito wake wote. Spana ikapasuka. Alianguka, na kipande kikamchana kiganja kutoka kidole gumba mpaka karibu na kifundo cha mkono.

Nilimkuta ameketi kwenye tope, damu inachuruzika, anaitazama ile nati. Hakuonyesha kwamba anasikia maumivu. Nikachana kanga nikamfunga. Nikiwa nafunga akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia siku nyingi, “Ikifunguka, nitawaita watu wote wa mtaa huu waje waone.”

“Na ukikuta breki ni nzima?”

Aliuvuta mkono wake kabla sijamaliza kufunga. “Haziwezi kuwa nzima.”

“Nasema ukikuta.”

“Gurudumu halijikazi lenyewe, Clotilda. Kuna mtu alifanya kazi mbaya. Kuna mtu hakukaza kitu, au alikaza kupita kiasi, akachukua kikapu chake akaenda kuswali. Mtoto hafi bure bure.”

Nilitaka kumwambia kwamba watoto wanafia hospitali ile kila siku, na mama zao hawana gari. Nikaushika tena mkono wake nikamaliza kufunga.

Jumapili, 24 Machi

Bi Mwanamkuu ameniita kibarazani kwake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea mkeka. Alikuwa anachambua mchele na hakuniangalia usoni aliposema.

“Mwanangu, mumeo anapiga chuma kama anayempiga mtu.”

“Nasikia, Bibi.”

“Wapangaji wengine wanalalamika kelele. Nimewaambia wanyamaze, mtu amefiwa. Lakini kuna jambo lingine. Unajua kama Mrisho hana kazi?”

Sikujua. Akaniambia. Tangu Tarsis aseme yale maneno, wenye magari hawapeleki tena kwa Mrisho. Nani atampelekea gari fundi aliyeua mtoto? Hata madereva wa malori ya mtaa wa Gerezani waliokuwa wakimgombania wanapita upande wa pili wa barabara. Sasa anakwenda bandarini alfajiri kupanga foleni na wabeba magunia.

“Mtu mwenye ufundi ule,” akasema Bi Mwanamkuu. “Na umri ule. Mgongo wake utakatika.”

Nimerudi ndani nikamwambia Tarsis. Akasema, “Mimi mgongo wangu ulikatika Desemba.”

Jumanne, 2 Aprili

Wenzetu wameanza kufunga. Sisi tuko katikati ya Kwaresima, kwa hiyo nyumba nzima ina njaa, kila mtu kwa dini yake. Miaka yote, jua likishazama, Kuruthumu alituletea sahani ya futari, na Hyasinta aliirudisha sahani na ndizi za kwetu ndani yake. Alikuwa akitembea polepole sana, ulimi nje, asiiangushe.

Leo jua limezama. Nimekaa karibu na mlango mpaka giza likaingia.

Ijumaa, 5 Aprili

Tarsis amemleta fundi mwingine, Awadhi wa Gerezani. Amekuja na taa ya moto, ile ya mafuta ya taa ambayo wafua bati huunganishia ndoo. Wameipasha nati mpaka ikawa nyekundu kabisa, chini ya turubai, mvua inapiga juu yake. Wakaweka spana mpya na bomba, wakavuta wote wawili. Gari lilipiga kelele, jeki ikaegemea upande, nikadhani litawaangukia. Nati haikutoka.

Awadhi akapangusa jasho akasema, “Bwana Tarsis, mimi nishachoka. Mwite Mrisho. Nati hii anaijua, na vifaa vya kuvutia habu anavyo yeye.”

“Nimwite Mrisho aje afiche alichokifanya?”

“Atakifichaje na wewe umesimama hapo?”

Tarsis akamwambia achukue taa yake aende. Awadhi akaenda. Alipopita mbele yangu akatikisa kichwa, si kwa dharau. Kwa huruma, na huruma ndiyo iliyoniuma.

Jumanne, 9 Aprili

Mafuta ya taa tena. Mvua tena.

Ijumaa, 12 Aprili

Leo Kuruthumu amekuja dukani. Sijui kama alikuja makusudi au alipita tu. Alisimama mbele ya gunia la choroko, akachota kidogo kwa kiganja, akaziacha zimwagike, halafu akasema, “Mama Hyasinta, nipimie kibaba.”

Tangu msiba hakuna aliyeniita hivyo. Watu wanaogopa. Kanisani wananiita Bibi Tarsis, sokoni wananiita Mama tu, wakikata jina katikati kama wanaokwepa shimo barabarani. Yeye alilisema lote. Kibaba kikaniponyoka, choroko zikatawanyika mpaka barabarani. Akainama tukaziokota pamoja, na hapo chini, nyuma ya magunia, tukalia. Tulilia kwa kimya, maana watu walikuwa wakipita na wateja walikuwa wakiita.

“Nilimsuka siku ile ile asubuhi,” akaniambia. “Nikamwambia kichwa chako cha moto, nenda kalale kwa baba yako. Nikamwachia aende. Ningemshika mimi mwenyewe nimpeleke asubuhi ile.”

Sikujua kwamba naye ana majuto yake yanayomkesha usiku kucha. Nilifikiri msiba huu umetukalia mimi na Tarsis peke yetu.

Kabla hajaondoka akasema ndugu yake Mrisho aliyeko Kilwa amewaita. Wanafikiria kuhama baada ya Idi.

Ijumaa, 19 Aprili. Ijumaa Kuu

Nimemchukia mume wangu leo. Naandika kama ilivyo.

Nilirudi kutoka Njia ya Msalaba nikiwa nimelowa. Nilimwomba twende wote, akasema ana kazi. Nikiwa nje ya mtaa nilisikia nyundo. Siku hii, saa hii, hata wenye maduka ya Kihindi kule Mchafukoge wanajua kwamba Wakristo wana huzuni. Nilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, nikalifunua turubai, nikamnyang'anya nyundo mkononi. Hakuipigania. Kidonda cha kiganja kilikuwa kimefunguka tena na usaha umekusanyika.

Nikamwambia, “Nina swali moja, nalibeba tangu Desemba. Ulimbeba kutoka Mnazi Mmoja mpaka hospitali. Mlikuwa wawili. Mimi sikuwapo. Nieleze mlivyokwenda.”

Aligeuza uso.

“Alikuwa macho? Alilia? Aliniita?”

Akaanza kukusanya spana zake.

“Tarsis, mimi ndiye mama yake. Hicho ndicho kilichobaki ambacho sijakipata, na umekikalia wewe.”

Akasema, “Nipe nyundo.”

Nikaitupa. Iligonga mlango wa gari ikaacha tundu kwenye bati, na watoto wa uani wakakimbia. Bi Mwanamkuu akaja akanishika bega akaniingiza kwake. Nimeshinda huko mpaka jioni. Niliwaza kurudi kwa mama yangu Kibosho. Niliwaza kwa kweli, nikapanga hata nguo gani nichukue. Nilimwona Tarsis kuwa mtu mkatili, aliyepata njia ya kufiwa peke yake na kuniacha mimi nje kama mpangaji.

Jumapili, 21 Aprili. Pasaka

Hatukupika.

Alhamisi, 25 Aprili

Jua lilipozama mtu alibisha hodi. Nilipofungua hakukuwa na mtu. Sahani ilikuwa kizingitini, imefunikwa kawa. Mihogo ya nazi na kipande cha samaki. Nikaiweka mezani. Tarsis aliitazama kwa muda mrefu, akaenda kulala bila kula. Nimekula peke yangu, yote, mpaka nikapangusa sahani kwa kidole.

Nilipokwenda kulala nilimkuta yuko macho. Nikamwuliza, “Unaogopa nini?” Nilidhani hatajibu, kama kawaida. Akasema, “Naogopa kwamba itafunguka.”

Nimekaa nalifikiria neno hilo. Basi si ukatili. Kwa muda wote huu anapiga nati kwa mkono mmoja na kuomba kwa mkono mwingine isitoke.

Jumatano, 1 Mei

Idi. Mvua imepumzika, watoto wamejaa barabarani na nguo mpya. Nimechukua sahani ya Kuruthumu, nimetia ndizi, nimeipeleka mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka mlango ule tangu msiba.

Mrisho alikuwa ameketi ndani na kanzu yake. Amekonda. Shingo imekuwa nyembamba na mabega yana alama za magunia. Nikampa mkono wa Idi. Akanikaribisha, Kuruthumu akaleta kahawa, tukakaa. Masanduku mawili yalikuwa yamefungwa kamba pembeni.

Nikamwambia, “Bwana Mrisho, sikuwahi kukwambia neno tangu siku ile. Si kwa sababu nakubali alichosema mume wangu.”

“Najua, shemeji.”

“Ungemjibu.”

“Nimjibu mtu mwenye mtoto kwenye jeneza? Ningemwambia nini?” Akanywa kahawa yake. “Nati bado?”

“Bado.”

“Nitakuja Jumamosi. Jumatatu tunasafiri. Sitaki kwenda Kilwa na jina hili mgongoni.”

Jumamosi, 4 Mei

Nitajaribu kuandika kama ilivyokuwa.

Mrisho alikuja asubuhi, hakuna mvua, amebeba kikapu chake cha vyombo na taa ya moto aliyoazima kwa Awadhi. Tarsis alikuwa amekwisha kufunua gari. Walitazamana. Mrisho akasema, “Asalaam aleikum,” kama anayemwamkia mtu yeyote. Tarsis hakuitikia. Bi Mwanamkuu alikuwa kibarazani, Kuruthumu amesimama na mimi karibu na ukuta, amenishika mkono.

“Bwana Tarsis,” Mrisho akasema, “sikuja kugombana. Mimi nitapasha moto, wewe utavuta. Nataka mkono wako uwe juu ya spana nati ikitoka. Usije ukasema baadaye nilificha kitu.”

Tarsis akasogea. Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yake.

Mrisho akapiga magoti kwenye tope na kanzu yake ya kazi, akaisugua nati kwa brashi ya waya, akaipapasa kwa kidole. “Imeshikwa na moto,” akasema. “Unaona chuma kilivyogeuka samawati? Siku ile ndani kulichemka. Ndiyo maana haikukubali mafuta.” Akawasha taa. Moto ukanguruma. Akaupitisha pande zote za nati, polepole, hakuacha mpaka ikaanza kuwaka kwa ndani. Halafu akazima, akasema bila kugeuka, “Shemeji, una mshumaa? Nta hupenya pale mafuta yanaposhindwa.”

Nilikuwa nao mmoja tu. Uko mbele ya picha ya Hyasinta, ile aliyopigwa siku ya ubatizo wa mtoto wa jirani, amevaa gauni jeupe na uso wa kukasirika. Nauwasha kila jioni tunaposali. Nilisimama mbele yake. Kuruthumu akanifuata ndani akaniambia, “Nitakununulia mwingine,” nikasema hapana, si hivyo. Nikauchukua.

Mrisho alipouona alijua. Aliupokea kwa mikono miwili. Akaiweka ncha yake kwenye uzi wa nati, pale chuma kilipokuwa cha moto, na nta ikayeyuka ikavutwa ndani. Tuliiona ikiingia, inapotea, na moshi mweupe unatoka. Akazunguka nati yote mpaka mshumaa ukabaki kipande kidogo mkononi mwake. Akaigonga nati kwa nyundo, si kwa nguvu, kama anayebisha mlango wa mgonjwa. Akagonga pande zote.

“Sasa,” akasema.

Wakaweka spana na bomba. Tarsis akavuta. Nati haikujongea. Akavuta tena, mishipa ya shingo imesimama, kitambaa cha mkono kimeanza kuwa chekundu. Mrisho akatazama ule mkono. Akasimama kando yake, akaweka mikono yake kwenye bomba, karibu na ya Tarsis, vidole vikagusana. “Pamoja,” akasema. “Tusiivunje. Polepole.”

Walivuta hivyo, mabega yamegusana, kwa muda ambao niliuona mrefu. Halafu kikatoka kilio kimoja cha chuma, na bomba likashuka kidogo.

Kidogo tu. Tarsis akaachia kama aliyeungua.

“Inakuja,” Mrisho akasema. “Vuta.”

“Subiri.”

“Bwana Tarsis. Vuta.”

Ikazunguka. Baada ya hapo ilikuwa laini, Mrisho akaimalizia kwa vidole vyake na kitambaa, akaiweka kwenye kiganja cha Tarsis. Kisha akafunga chombo chake cha miguu mitatu kinachovuta habu, akakaza, akagonga, habu ikatoka. Akaiweka chini kwenye gunia. Akasogea nyuma kabisa, mikono nyuma ya mgongo.

“Tazama wewe kwanza.”

Tarsis akainama. Hata mimi nisiyejua kitu nikaona. Breki zilikuwa nzima. Zilikuwa mahali pake, zimeshikwa na springi zake pande zote mbili, zimekaa vizuri, hata hazijalika. Kilichovunjika kilikuwa nyuma yake. Beringi, ile pete yenye gololi inayolizungusha gurudumu, ilikuwa imesagika. Gololi zake zilikuwa zimegandana na chuma kama donge la sukari guru lililoungua.

“Hii ni nini?” Tarsis akauliza, ingawa alijua.

“Beringi. Ilikuwemo humo tangu gari linakuja kwa meli kabla ya vita. Nilipotengeneza breki niliizungusha kwa mkono, nikasikiliza. Haikulia. Ingelia ningekwambia.” Aliitazama beringi. “Nimeirudia siku ile kichwani mwangu mpaka nimechoka. Nimejiuliza kama nilisikiliza vizuri. Haikulia.”

“Basi nani?” Tarsis akasema.

Akamgeukia Mrisho.

“Nani, Mrisho?”

“Hakuna mtu, ndugu yangu. Chuma kimechoka tu.”

Tarsis akaketi chini kwenye tope, nati mkononi. Akatazama beringi, akatutazama sisi mmoja mmoja, kama anayetafuta kati yetu yule wa kuchukua mzigo. Bi Mwanamkuu. Kuruthumu. Mimi. Halafu akaanza kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Hakulia hospitali, hakulia makaburini. Alilia leo, mdomo wazi, mikono imelegea, na Mrisho akapiga magoti akamshika kichwa akakiegemeza kifuani mwake, juu ya kanzu yenye mafuta, akawa anasema, “Basi, basi, basi,” kama unavyombembeleza mtoto. Kuruthumu akajifunika uso kwa kanga. Mimi sikulia. Nilisimama nikamwangalia mume wangu, nikaona kwamba msiba wake umeanza leo.

Jumapili, 5 Mei

Amelala mchana kutwa, uso ukutani. Amekunywa uji kidogo.

Jioni ameamka, amenawa, akavaa koti. Nikamfuata kwa mbali. Alikwenda kwa Mrisho. Walikuwa wanapakia masanduku kwenye mkokoteni. Tarsis akasimama mbele ya watu wa mtaa waliokuwa wakiaga, akasema kwa sauti ya kusikika, “Nilisema uongo juu ya mtu huyu. Breki zake zilikuwa nzima. Nimeziona kwa macho yangu.” Akamgeukia Mrisho. “Kaa. Nitazunguka Gerezani yote, nitamwambia kila dereva.”

Mrisho akamshika mkono. “Msamaha nilikupa zamani, siku ile ile ya maziko. Si hilo.”

“Basi kaa.”

“Siwezi, Bwana Tarsis. Nikipita mlango wako nauona uso ulionitazama nao makaburini. Wewe pia utaniona, utakumbuka. Tutakuwa tunaamkiana kwa adabu. Sitaki tufike huko.”

Tarsis akashika sanduku lililobaki, akalipandisha kwenye mkokoteni.

Jumatatu, 6 Mei

Wamekwenda na lori la asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha. Kuruthumu alinikumbatia, akaninong'oneza, “Mwambie mwanangu nimeondoka,” na nikafahamu anamaanisha kaburini. Lori liliwachukua kupitia Msimbazi. Nilisimama mpaka likakata kona, na hata baada ya hapo nilisimama.

Chumba chao kimeshapangishwa. Mpangaji ni kinyozi.

Jumanne, 14 Mei

Gari bado liko juu ya jeki, habu imelala kwenye gunia. Hakuna anayeligusa. Kuku wamerudi.

Jumatano, 22 Mei

Mvua zinapungua. Kidonda cha Tarsis kimefunga. Amefungua duka mapema, amefunga mapema, amerudi nyumbani na samaki kutoka Feri. Hakuwahi kununua samaki katika maisha yake. Alileta mkubwa, asiyefaa kwa watu wawili. Tumempa Bi Mwanamkuu nusu.

Jumapili, 26 Mei

Baada ya misa ya kwanza nilimwambia nakwenda makaburini kupeleka ujumbe wa Kuruthumu. Akasema, “Ngoja,” akavaa viatu.

Tumekwenda kwa miguu. Nilidhani atachagua njia nyingine, kama anavyofanya siku zote, lakini akaelekea Mnazi Mmoja. Katikati ya barabara akasimama. Baiskeli zikatupita pande zote mbili. Akasema, “Hapa ndipo lilipogomea.”

Niliogopa nikisema atanyamaza.

“Nilimtoa, nikamvika koti langu. Mvua ilikuwa kali. Degedege ilikuwa imemwacha, alikuwa macho kabisa. Nilikimbia. Nikikimbia kichwa chake kinapigapiga bega langu, basi nikaacha kukimbia, nikatembea haraka. Hakulia. Aliuliza Mama yuko wapi, nikamwambia anakuja. Akasema sawa.”

Tukatembea kidogo.

“Tulipofika pale kwenye kona, nilikuwa nahema sana. Akaniwekea mkono shavuni. Akasema, ‘Baba, umechoka. Niweke chini, nitatembea.’ Nikamwambia sijachoka. Akasema, ‘Mimi najua kutembea.’ Nikamwambia najua, mama, nitakubeba tu. Akanyamaza. Nilifikiri amelala. Niliendelea kumwambia tumekaribia, tumekaribia.”

Hakuweza zaidi. Nikamshika mkono, ule wenye kovu, mbele za watu, jambo ambalo watu wa kwetu hawafanyi. Tukasimama kwenye ile kona mpaka akapata pumzi.

Makaburini nilimpa Hyasinta salamu za Kuruthumu. Tarsis aling'oa majani yaliyoota kwa mvua, akayakusanya upande mmoja, akaketi. Nami nikaketi. Jua lilikuwa limetoka na ardhi ilikuwa bado mbichi, tukalowa nguo, hatukuondoka.